Mgeni Azuiwe Bwawani: Mwongozo kwa Wafuga Samaki wa Mbinga na Wavuvi wa Mwambao wa Nyasa

Ukichimba bwawa la samaki Mbinga, jirani yako wa kwanza ni mwenye shamba la chini ya kijito. Jirani yako wa mwisho ni mvuvi wa Mbamba Bay, hata kama hamjawahi kuonana. Maji yanayotoka bwawani kwako huingia kijitoni, kijito kikaingia Ruhekei, Lumeme au Ruhuhu, na mto ukamwaga ziwani. Kifaranga cha sato chenye urefu wa sentimita moja kinahitaji tundu la bomba na mvua ya usiku mmoja tu kuianza safari hiyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wawili: wewe unayefuga milimani, na wewe unayevua au kuchuuza samaki mwaloni, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda. Samaki mgeni akiwa bwawani, anazuilika kwa wavu na jembe. Akishafika mtoni, kazi huwa kubwa. Akizaliana ziwani, hakuna serikali wala mtafiti atakayemtoa.

KWA NINI UJISUMBUE

Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki. Makadirio ya wataalamu hufika 800 na zaidi, na walio wengi hawapatikani penginepo duniani. Miongoni mwao ni perege wa asili, ambao wavuvi wengi huwaita magege: Oreochromis karongae, squamipinnis na lidole. Huyo wa tatu hajaonekana kwa uhakika kwa miaka mingi. Kwenye vinamasi, matete na midomo ya mito yupo wa nne, Oreochromis shiranus.

Sato ni perege pia, jina lake la kitaalamu Oreochromis niloticus, ila kwao ni Nile, Turkana, Albert na Tanganyika. Hata sato wa Mwanza ni mgeni Mwanza. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na leo ngege na mbiru, perege wa asili wa ziwa lile, karibu wametoweka katika ziwa kuu. Waliobaki wamejibanza zaidi kwenye viziwa vya pembeni. Sangara, aliyepandikizwa ziwani humo katika kipindi hichohicho, alimaliza furu wa aina nyingi sana. Sato hali wenzake kama sangara. Madhara yake huja polepole: anagombea chakula na mahali pa kuzalia, na zaidi ya yote anazaa na perege wa asili. Machotara hao huzaa pia. Baada ya vizazi kadhaa unabaki na samaki wasio sato wala magege, na ile mbegu ya asili huna tena pa kuichukulia.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor vya Uingereza, walichapisha taarifa kwamba sato na perege mwingine mgeni, Oreochromis leucostictus, wamekutwa kusini mwa Tanzania ndani ya bonde la Ziwa Nyasa, katika maji yaliyo nje ya ziwa lenyewe. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa perege wageni wamesambaa katika mabonde mengi ya nchi hii, na chanzo kikubwa ni watu kuwapandikiza kwa nia njema. Na katika ziwa dogo la Rutamba, mkoani Lindi, vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2021 vilithibitisha kuwa perege wa asili wanachanganyika na wageni.

Sina ugomvi na sato kwenye sahani. Anakua haraka kuliko perege wetu, na mfugaji anayemtaka ana hesabu zake. Shida ni njia anayopita kutoka bwawani.

UGENI NI WA BONDE, SI WA NCHI

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Milima ya Umatengo inagawa maji. Ya upande mmoja hushuka ziwani. Ya upande mwingine huingia Mto Ruvuma na kuishia Bahari ya Hindi. Perege uliyemvua kwenye kijito cha Ruvuma, mwendo wa asubuhi moja kwa pikipiki, ni mgeni katika Ziwa Nyasa sawasawa na sato wa Mwanza. Usimbebe kwenye ndoo kuvuka mlima.

Hata ndani ya ziwa moja mambo ni hayohayo. Samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba, wale wanaosafirishwa nje kwa ajili ya mapambo, hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Upande wa Malawi, katika kisiwa cha Thumbi West, wafanyabiashara waliwaachia samaki wa sehemu nyingine za ziwa, nao wakaweka makazi ya kudumu. Ukimvua samaki wa mapambo Lundo na mteja akamkataa, usimmwage Mbamba Bay.

KISANDUKU: MTAMBUE

*Sato:* tazama mkia. Mistari myembamba iliyosimama wima, iliyopangika vizuri, imejaza pezi lote la mkia. Hii ndiyo alama ya kwanza.

*Leucostictus:* mwili wa kiza, wenye madoa madogo meupe mwilini na kwenye mapezi. Ni mfupi na mnene kuliko sato.

*Magege wa ziwani:* mkia hauna mistari iliyopangika. Dume aliyekomaa msimu wa kuzaa huning'iniza kishada cha nyuzinyuzi chini ya tumbo, karibu na tundu la haja.

*Perege mla majani (Coptodon rendalli):* ni wa asili pia. Nusu ya chini ya mkia huwa nyekundu au ya njano, na tumbo mara nyingi lina wekundu.

*Tahadhari:* chotara anaweza kuwa na mistari iliyofifia au iliyokatikakatika. Ukiona mkia wa namna hiyo usibishane na mtu mwaloni, peleka sampuli.

KABLA HUJANUNUA VIFARANGA

Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha mengi, na biashara ya vifaranga imo. Mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni huwaweka hai kwa saa nyingi, muda wa kutosha kuwatoa bonde moja hadi jingine. Muulize anayekuuzia maswali haya kabla ya kutoa fedha:

1. Ni aina gani hasa? Jibu la "perege wa kisasa" au "mbegu bora" halitoshi.
2. Wazazi wao walitoka ziwa gani au mto gani?
3. Kituo kinachowazalisha kinatambuliwa na mamlaka za uvuvi? Utapata risiti inayotaja aina na idadi?

Akiyumba kwenye swali la kwanza, acha. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri, au uliza Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Ruhila, Songea, na ueleze wazi kuwa bwawa lako liko kwenye maji yanayoshuka Ziwa Nyasa. Taja kijito kwa jina. Afisa asiyejua maji yako yanakwenda wapi hawezi kukushauri vizuri.

Ufuge nini, basi? Malawi, wanaolitegemea ziwa hili kuliko sisi, kwa miaka mingi wamekataza sato. Wafugaji wao wanatumia shiranus, karongae na rendalli. Kwetu pia, shiranus wa bondeni hapa au rendalli ndio salama zaidi, na kambale yupo kila upande. Sikufichi: shiranus hatafikia uzito wa sato kwa muda uleule. Unaweza kupunguza pengo hilo kwa kutorundika samaki bwawani na kwa kuvuna mara kwa mara kabla hawajajaza bwawa watoto.

BWAWA LISILOVUJA SAMAKI

Hatua hizi zinamhusu kila mfugaji, na ni za lazima kwa mwenye sato.

1. *Pima umbali.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hizo mita 60 ndizo pia kinga yako mto ukifurika.

2. *Usizibe kijito.* Bwawa lililojengwa kwa kukinga kijito chenyewe litabomoka siku moja, na likibomoka samaki wote wanaondoka. Chota maji kwa mfereji wa pembeni unaoweza kuufunga. Kuchepusha maji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Kama bwawa lako liko upande wa Ruvuma, bodi ni nyingine.

3. *Inua tuta.* Acha sentimita 30 hadi 50 kati ya uso wa maji na juu ya tuta. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka na panda majani ya kushika udongo. Usipande miti kwenye tuta, mizizi yake hufungua njia za maji.

4. *Weka machujio mawili kwenye bomba la kutolea maji.* La kwanza ni la matundu makubwa, la kuzuia majani na takataka. La pili ni la matundu ya milimita 1 hadi 2, la kuzuia vifaranga. Mpangilio huu una sababu. Ukiweka chujio dogo peke yake, mvua kubwa ya kwanza italiziba kwa majani, maji yatapanda, yatapita juu ya tuta, na chujio lako litabaki zima na safi huku samaki wameshapita pembeni. Sato hulea watoto mdomoni, kwa hiyo anayetoroka ni kifaranga aliyekwisha kuachwa na mama yake, siyo yai. Matundu ya milimita 1 hadi 2 yanatosha. Chandarua kuukuu kinafaa kwa dharura tu, maana juani huoza.

5. *Usielekeze maji ya bwawa kijitoni.* Yapeleke kwenye migomba au bustani, au kwenye shimo la kunyonya lililojazwa kokoto na mchanga. Ukifanikisha hatua hii, kosa kwenye hatua nyingine litasamehewa. Na maji ya bwawa yana mbolea, migomba itakushukuru.

6. *Vuna hadi tone la mwisho.* Kausha bwawa kiangazi, acha tope lipasuke nyufa. Vidimbwi vilivyobaki chini hubeba vifaranga, kwa hiyo nyunyiza chokaa isiyozimwa kwenye tope bichi, kiasi cha kilo 1 kwa kila mita 10 za mraba. Funika macho na mikono, chokaa huunguza. Maji yenye chokaa yasitoke bwawani mpaka wiki mbili zipite.

KAMA TAYARI UNA SATO

Usiwamwage. Nasisitiza kwa sababu hofu ndiyo hufanya watu wavunje tuta usiku. Samaki hawa hawana sumu na wanaliwa. Rekebisha bomba la kutolea maji leo, vuna kwa awamu, uza wakiwa wamekufa, kisha kausha bwawa kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mteja akitaka "wachache wazima wa kuanzia", mweleze kwa nini humpi. Mjulishe pia afisa uvuvi, ili bwawa lako liwe kwenye kumbukumbu na upate ushauri wa mbegu nyingine.

KWA MVUVI: UKIMPATA USIYEMJUA

Jicho la mvuvi ndilo la kwanza kumwona mgeni. Mtafiti anaweza kupita mwambao huu mara moja kwa mwaka. Wewe unainua wavu kila alfajiri. Hata hivyo, jicho peke yake hudanganywa. Konokono mmoja kutoka Asia aliingia Ziwa Nyasa na kuenea bila kugunduliwa, kwa sababu anafanana mno na konokono wa asili wa jamii ileile. Watafiti walimbaini kwa vinasaba tu na kuchapisha habari zake mwaka 2004. Kwa hiyo samaki wa kushuku mfanyie hivi:

1. Usimrudishe majini. Muue.
2. Mlaze ubavu, kichwa kikitazama kushoto, juu ya ubao au jani pana. Weka rula kando yake. Kama huna rula, kiberiti kinatosha.
3. Kunjua mapezi kwa kidole, hasa mkia, upige picha ukiwa kivulini. Jua kali hufuta mistari pichani. Piga ya pili ukiwa karibu na mkia.
4. Kata kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kiweke kwenye kichupa chenye kileo cha maabara ambacho afisa uvuvi anaweza kukupatia. Gongo na spiriti ya kuwashia taa havifai. Ukikosa, kifukie kwenye chumvi kavu.
5. Andika kwa kalamu ya risasi: tarehe, mahali, kina, aina ya wavu. Wino hulowa ukafutika.
6. Peleka sampuli na picha kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo wako. Kutoka hapo sampuli iende kwa afisa uvuvi wa wilaya ya Nyasa, na kwake iende TAFIRI, kituo cha Kyela.

Ukimaliza, samaki aliyebaki ni kitoweo chako.

MITO YA MBASA

Kuzuia wageni hakuna maana kubwa ikiwa wenyeji hawana pa kuzaa. Mbasa, Opsaridium microlepis, huishi ziwani lakini hupanda mito wakati wa mvua kutaga mayai kwenye kokoto safi, katika maji yanayokwenda kasi. Ruhuhu ni miongoni mwa mito yake. Samaki anayezaa kwa namna hii anamalizwa kwa wavu mmoja uliotandazwa mdomoni mwa mto kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu wote lazima wapite hapo.

BMU iweke kwenye sheria ndogo za kijiji, na isimamie, mambo haya: mdomo wa mto usifungwe kwa wavu msimu wa mvua, kokoro na vyandarua visitumike kwenye matete wanakokulia vifaranga, na utupa usitiwe mtoni kabisa. Utupa hauchagui. Unaua mbasa mzazi pamoja na wadudu wa majini, na yeyote anayependekeza kuutumia "kuua sato mtoni" atakuwa ameongeza janga juu ya janga.

Nanyi wa milimani mna sehemu yenu. Ngoro za Wamatengo, mashimo yale yanayokamata maji na udongo kwenye mteremko, zinawalinda mbasa kuliko mabango mengi niliyoyaona. Pale ngoro zinapoachwa na matuta kulimwa kufuata mteremko, udongo huishia juu ya kokoto za mayai. Acheni pia uoto wa asili kwenye kingo, na msipande mikaratusi kwenye chemchemi.

KISANDUKU: MAGUGU YANAYOELEA

*Gugu maji* lina maua ya zambarau na shina la jani lililovimba, lenye sponji ndani. Limekuwa Mto Shire, unaotoa maji ya ziwa letu, tangu miaka ya 1960. *Salvinia* halina ua. Majani yake mawili mawili yana vinyweleo juu, na kipande kimoja kinatosha kuanzisha shamba zima.

- Ling'oe zima, pamoja na mizizi, kabla halijatoa maua. Mbegu za gugu maji hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi.
- Ukikatakata kwa panga utakuwa umepanda mengine. Zungusha kamba au wavu kwanza ili vipande visielee kwenda chini ya mto.
- Lirundike mbali na mto, mahali mafuriko hayafiki. Likikauka kabisa, lichome au lifanye mboji.
- Kagua mtumbwi, nanga na wavu kabla ya kuhama mwalo.
- Usilipande kwenye ndoo kama ua la nyumbani. Uzuri wake ndio uliolisambaza duniani.
- Wadudu wa Neochetina waliosaidia kupunguza gugu maji Ziwa Victoria miaka ya 1990 huletwa na wataalamu kwa kibali, siyo kwa mfuko wa mtu binafsi.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

*"Nilinunua madume matupu, hawawezi kuzaa."* Vifaranga hugeuzwa madume kwa homoni, na kila mara hubaki majike wachache. Isitoshe, dume mmoja aliyetoroka atapata majike wa asili mtoni.

*"Bwawa langu ni dogo."* Bwawa dogo ndilo lenye tuta dogo.

*"Mto uko mbali."* Mpaka mvua inyeshe. Fisi maji na ndege nao hubeba samaki, na watoto wa kijiji wakiwa na ndoo huwazidi wote.

*"Tupandikize sato ziwani, samaki wamepungua."* Hoja hii husikika kwenye mikutano, nyakati za kampeni hasa. Jibu lake ni Ziwa Victoria, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003: kupandikiza si uamuzi wa mkutano wa kijiji. Samaki waliopungua kwa kokoro hawarudishwi kwa kuwaongezea mshindani.

KAGUA KILA OKTOBA, KABLA YA MVUA

☐ Tuta limetembelewa lote. Mashimo ya kaa na panya yamezibwa
☐ Machujio yote mawili yametolewa, yameoshwa na kushikwa mkononi kutazama kama yametoboka
☐ Chujio moja la akiba lipo ndani ya nyumba
☐ Maji ya kutoka yanaishia shambani, hayafiki kijitoni
☐ Mfereji wa kuingizia maji unafungika
☐ Risiti ya vifaranga imehifadhiwa
☐ Namba ya simu ya afisa uvuvi imeandikwa ukutani, na mtu mwingine nyumbani anajua la kufanya tuta likipasuka ukiwa safarini: kufunga maji ya kuingia kwanza, kisha kutandaza wavu kwenye ufa, ndipo kuita majirani wenye majembe